Sauti Zilizokatika Mwisho

Vijana wangu, ninyi mnaogusa kioo cha simu na picha ikarukia simu ya mwenzenu kabla hamjamaliza sentensi, leo kaeni kidogo na mama aliyestaafu. Kazi niliyoifanya miaka mingi hapa Bunia, mpaka mgongo ukaniambia yatosha, inaelezeka kwa maneno machache: nilikuwa natoa data huku naiweka kule. Naitoa kwenye faili, naiweka kwenye disketi. Naitoa kwenye disketi, naiweka kwenye mashini nyingine. Wageni wakiwauliza wajukuu wangu bibi yenu alikuwa fundi wa nini, mmoja hujibu mbele yangu bila aibu: "Wa kukopia." Wote hucheka, kwa sababu kwetu anayekopia ni yule mwanafunzi anayechungulia karatasi ya jirani siku ya mtihani.

Nami hucheka nao. Lakini nataka mjue kukopia ni kazi ya namna gani, na siku moja wakati wa vita ilinipeleka wapi.

Aliyenifundisha ni Enjenia Kambale, mtu wa Butembo, aliyekuja kufundisha informatiki, elimu ya kompyuta, hapa mjini kabla mambo hayajaharibika. Mfupi, mkali, na koti lake halikuwahi kukutana na pasi. Programu yangu ya kwanza ya kunakili ilikuwa inabeba herufi moja moja: soma moja, andika moja, rudi tena. Niliianzisha, nikaenda soko kununua sombe, majani ya muhogo, nikakaa kuongea na dada yangu, nikarudi. Mashini ilikuwa bado inakoroma, na Enjenia Kambale alikuwa amekaa mbele yake amekunja mikono.

"Esperansi, weye ukihama nyumba, utabeba sahani moja moja?"

"Hapana, enjenia."

"Tafuta kitunga basi!"

Hicho kitunga, kikapu cha kubebea, ndicho tulichokiita kwa Kifaransa tampon. Ni nafasi ndani ya kumbukumbu ya mashini, chombo cha kubebea. Una mkondo unaoingia, una mkondo unaotoka, na chombo kiko katikati. Unasoma mpaka chombo kijae, unaandika kilichomo upande wa pili, unarudia, mpaka mkondo unaoingia ukauke. Asubuhi moja inatosha kujifunza hayo. Kuyaheshimu kulinichukua muda mrefu zaidi.

Enjenia alikuwa na swali moja alilotuuliza mpaka tukaliota ndotoni: "Umesoma ngapi?" Hakuuliza chombo chako ni kikubwa kiasi gani. Aliuliza umesoma ngapi. Mashini ikikuambia imesoma kiasi hiki, unaandika kiasi hicho hicho, usizidishe, usipunguze. Tulimwona kama mtu wa kurudiarudia. Mwenzetu mmoja, kijana aliyejiona amemaliza elimu, aliandika programu iliyosoma faili na kuandika ndani ya faili hilo hilo. Sasa, ukifungua faili kwa kuandika upya, kitu cha kwanza mashini inafanya ni kulifuta. Kwa hiyo alifuta kwanza, halafu akaanza kusoma hewa. Ilikuwa tasnifu yake ya mwisho wa mwaka. Enjenia Kambale alivua miwani, akaifuta polepole, akasema, "Sasa umefanya kazi safi kabisa, hata vumbi halikubaki."

Wakati wa vita Enjenia alirudi Butembo. Mimi nilibaki. Niliwapeleka watoto wangu kwa dada yangu aliyekwisha hamia Beni, kisha nikapata kazi kwenye redio ndogo ya parokia. Vyumba vitatu vya matofali, antena moja, kompyuta moja, na grupu, jenereta ya kutoa umeme kwa mazutu, yaani dizeli, iliyokuwa na tabia za mzee mwenye kikohozi. Tulikuwa watatu. Padri Filipo alikuwa mkubwa wetu. Rashidi alikuwa fundi wa sauti. Alikuwa Mwislamu kutoka machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu, kwao walitaka awe mchimbaji, yeye akapenda mikrofoni. Wa tatu ni mimi.

Vita hiyo wengi wenu mmezaliwa nyuma yake. Sitaeleza nani alianza na nani alijibu; kila nyumba hapa ina maelezo yake, na kila nyumba ina kaburi lake. Nitasema tu kwamba watu walikimbia kutoka eneo zima la Djugu, kaskazini ya mji wetu, wakikimbilia kila upande, na katika kukimbia mikono iliachana. Mama alijikuta Aru mpakani, na mtoto alijikuta Bunia, katika kambi ya turubai karibu na uwanja wa ndege, kwa walinda amani. Kati yao palikuwa na barabara ambayo hakuna mwenye akili aliyeipita bila sababu kubwa.

Basi tulifanya hivi. Rashidi alikwenda kambini na mashini ya kurekodi, akawauliza watoto waliopotezana na wazazi wao: unaitwa nani, uko wapi, uko na nani, wazazi ni nani. Kila mtoto, faili lake. Kaseti zilikuwa haba, kwa hiyo sauti zikishaingia kwenye kompyuta, kaseti ile ile ilirekodiwa watoto wengine. Halafu tulizinakili sauti kwenye disketi, zikapanda ndeke, ndege ndogo ya watu wa misaada, zikafika kwenye redio ya Aru. Kule alikuwapo Mama Ayikoru, mtangazaji, mwanamke mwenye sauti kama kengele ya misa ya kwanza. Yeye alizitangaza mchana, watu wakirudi kutoka shambani.

Disketi, kwa wale ambao hamkuziona, ni kipande cha plastiki cha mraba, ukubwa wa kiganja, na ndani yake haiingii hata picha moja ya simu zenu za leo. Kwa kuwa disketi nazo zilikuwa haba, hatukukubali kuacha nafasi tupu. Sauti ya mtoto iliweza kuanzia kwenye disketi moja na kumalizikia kwenye nyingine. Amri ya kawaida ya kunakili haikukubali mchezo huo, kwa hiyo tulitumia programu tuliyoachiwa na fundi mmoja aliyepita Bunia na kuendelea na safari zake. Tuliijaribu kwa muziki. Ilifanya kazi vizuri. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Kisha asubuhi moja Mama Ayikoru alituita kwenye foni, ile redio ya kuzungumza na miji ya mbali, iliyokuwa katika chumba cha padri.

"Esperansi, batoto benu banakatika."

"Banakatika namna gani, Mama?"

"Mwisho. Mutoto anasalimia, anasema iko kambini, anaanza kusema baba yake... kwap! Kimya. Karibu bote. Siye tulifikiri ni mashini yetu."

Wazazi ndilo swali tulilouliza mwisho.

"Sikia tena," akaendelea. "Niko hapa na bamama babili ba Fataki. Kila mumoja anasema ule Lidia ni wake. Bote banalia. Ule mutoto anasema iko na mudogo wake Baraka, na hawa bamama bote bana Lidia na bana Baraka. Sauti ya batoto mu redio inafanana. Nitawaambia nini?"

Kabla sijajibu, foni ilikwaruza, ikafa. Padri aligonga kisanduku, akapima betri, mwisho akatoka nje. Aliporudi alisema waya wa antena umekatwa na mtu ameondoka nao. Kwa mbali, ng'ambo ya mto Nyamukau, bunduki zilikuwa zimeanza.

Nilikimbilia chumba cha kompyuta, nikamwomba Rashidi afungue sauti ya Lidia, ile ya asili, siyo ya disketi. Rashidi alivaa kaske zake za masikio, kisha akazitoa ili nami nisikie kwenye spika. Alikuwa mtoto wa miaka kama saba, sauti kavu kidogo, ya mtu aliyezoea kujibu watu wazima.

"Naitwa Lidia. Huyu ni Baraka. Iko anakohoa lakini anakula."

Kisha sauti ya Rashidi: "Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Lidia."

"Jina yake ya kweli?"

"Mama Lidia." Ulisikika kabisa uvumilivu wake na huyu mzee asiyeelewa.

"Na papa?"

"Papa Lidia."

"Sasa kwenu kulikuwa kitu gani, mutu akisikia atajua ni kwenu?"

Hapo palikuwa na kimya. Kabla ya kimya hicho ndipo disketi za Aru zilikatika. Lakini kwenye kompyuta mtoto aliendelea.

"Mbuzi yetu. Anaitwa Kolonel."

"Juu ya nini Kolonel?"

"Mama alisema anakulaka mashamba ya batu na hakuna mwenye anamuuliza."

Rashidi alinitazama. Tulitaka kucheka na hatukuweza.

"Fasi zote mbili sauti ni ile ile," akasema. "Juu ya nini huku ni nzima na kule imekatika?"

Nikafungua programu ya yule fundi. Ilikuwa fupi, imeandikwa vizuri, hata mimi ningemsifu. Nikaisoma mstari kwa mstari kwa kidole, na bunduki zikisogea. Ilisema: soma mpaka chombo kijae, kikijaa, andika, rudia, kisipojaa, acha, kazi imekwisha.

Mnaliona? Faili halikatiki sawasawa na ukubwa wa chombo chako. Mwisho wa faili huja na chombo nusu, au robo, au chini kidogo tu. Programu ile ilipoona chombo hakikujaa ilidhani mkondo umekauka, ikaondoka na kukiacha kile kidogo chini. Na chombo cha yule fundi kilikuwa kikubwa. Kidogo hicho kilikuwa sekunde kadhaa za mtoto akisema. Kwenye muziki hatukuona kitu kwa sababu nyimbo hufifia zenyewe mwishoni. Nani anahesabu mwisho wa wimbo?

Padri Filipo aliingia. Alikuwa amevaa viatu vya safari.

"Esperansi, Rashidi, wanavunja maduka upande wa soko. Tunaenda uwanja wa ndege, kwa walinda amani. Sasa hivi."

"Padri, hizi sauti zote za Aru ni nusu."

"Utazitengeneza tukirudi."

"Tukirudi tutakuta nini?" nikamuuliza. "Kompyuta watabeba. Kaseti tumekwisha rekodi juu yake. Hakuna fasi nyingine hizi sauti ziko. Siye tuna miguu, padri. Zenyewe hazina."

Alisimama mlangoni. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kuamuru, na nadhani siku hiyo alitamani angekuwa mkali. Akaniuliza mazutu iliyobaki inatosha muda gani. Rashidi alijibu kwamba grupu imekwisha anza kukohoa.

"Basi mpaka izime," akasema padri. "Ikizima, hata kama umebakiza mtoto moja, ninakuvuta kwa mkono." Akachukua kiti, akakiweka nyuma ya lango, akakaa hapo na rozari yake.

Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Vidole vilikosea herufi, nikafuta, nikaandika tena. Lakini ndani yangu palikuwa na kitu kimegoma. Nilikuwa na watoto wangu Beni. Kama mtu angewarekodi wakinitafuta, halafu akachukua sehemu ya jina langu akaenda zake, ningemtafuta mpaka kaburini kwake.

Nilibadilisha masharti: soma, ukipata chochote, andika, usipopata kitu, ndipo uache. Nikaijaribu kwa mvulana mmoja, kisha kwa Lidia. Rashidi alivaa kaske, akafumba macho kama kawaida yake. Sura yake ikabadilika.

"Huyu mutoto ana sauti mbili."

"Namna gani?"

"Anasema mbuzi, anamaliza, halafu kunaingia mutoto mwanaume. Anasema papa yake ni fundi bati."

Akanipa kaske. Ni kweli. Mara baada ya Kolonel, bila hata pumzi, sauti nyingine: papa yangu ni fundi bati. Kule Aru kulikuwa na mama wawili wanaogombania mtoto mmoja, na mimi nilikuwa karibu kuwapelekea mtoto mwenye baba wa mwenzake.

Hapo nikasikia, kama yuko nyuma yangu na koti lake lisilopigwa pasi: umesoma ngapi? Kwa haraka nilikuwa nimeiambia mashini iandike chombo kizima kila mara. Programu ya yule fundi ilibeba kwa vyombo viwili kwa zamu: Lidia alijaza cha kwanza, cha pili akajaza nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa bado na mabaki ya mtoto aliyenakiliwa kabla yake. Chombo hakijioshi chenyewe, vijana. Kilichobebwa mwanzo kinabaki ndani mpaka kifunikwe na kingine. Nikaandika idadi iliyosomwa, basi, hiyo tu. Tena nikaongeza mstari wa kuuliza upande wa pili umeandika ngapi, maana disketi ikijaa katikati huandika pungufu na kunyamaza, kama mtu anayepokea mzigo na hataki kusema hana mahali. Na mwisho wa kila faili, kusukuma kilichobaki njiani mpaka kifike kwenye disketi, kisha kufunga. Wengi wenu mnasahau kufunga. Mashini hupenda kuahirisha, inakuambia nimeandika, kumbe bado imeshika mkononi.

"Sasa?" nikamuuliza Rashidi.

Akasikiliza. "Mbuzi. Kimya. Safi."

Tukaanza. Mimi naingiza disketi, naitoa taa ikizima, naingiza nyingine. Msitoe kitu chochote kabla taa haijazima, hata nyumba ikiungua. Rashidi alisikiliza mwisho wa kila sauti, mwisho tu, hapakuwa na muda wa mwanzo. Ukutani kitu kilipiga, chokaa ikamwagika kwenye kibodi, nikaipuliza. Alipotaka kuweka disketi zilizokamilika juu ya spika nilimpiga mkono. Spika ina sumaku, na sumaku inafuta disketi kuliko risasi. "Samahani," akasema, na tukajikuta tunacheka kama wehu.

Grupu ilizima tulipokuwa tunasikiliza ya mwisho. Yenyewe ilikuwa imekwisha andikwa. Taa ya disketi ilikuwa imezima kabla ya grupu. Padri alikuja kunivuta kwa mkono kama alivyoahidi, akanikuta nimesimama.

Nilizifunga disketi kwenye kitenge, nikaziweka chini ya kikapu, juu yake majani ya sombe. Njiani kuelekea uwanja wa ndege palikuwa na baryeri, kamba tu imefungwa kati ya miti miwili, na wanaume wenye bunduki. Mkubwa wao alikuwa na miwani ya jua na viatu visivyofanana. Alitoa sombe yote kwa mkono, akazikuta disketi.

"Hii ni nini?"

"Sauti za watoto, mukubwa. Watoto waliopotea."

Akachukua moja, akaigeuza, akaitikisa, kisha akaiweka sikioni. Alisikiliza kwa makini sana.

"Sisikie kitu."

"Inataka mashini, mukubwa," akasema Rashidi kwa sauti ya adabu kabisa. "Bila mashini inalala."

Nilidhani ataivunja. Aliishika bado karibu na sikio, kama mtu asiyetaka kukata tamaa. Halafu akainama karibu nami, wenzake wasisikie.

"Mu hii, iko mutoto moja anaitwa Desire? Wa dada yangu. Iko na alama ya moto hapa." Akagusa shingo yake.

"Siwezi kudanganya, sijasikia hilo jina," nikamwambia. "Lakini bado tunarekodi."

Akairudisha disketi kwenye kitenge, taratibu, kana kwamba sasa anajua ni mayai. Akapanga hata sombe. "Pitisheni hawa," akasema kwa sauti kubwa, na kamba ikashuka.

Jioni ile redio yetu iliporwa. Nilisikia baadaye kwamba kisanduku cha kompyuta kilionekana sokoni, muuza karanga anakikalia.

Ndeke iliyofuata kwenda Aru ilikuwa na kiti kimoja kitupu. Rashidi alisema niende mimi, kwa sababu kule lazima mtu aunganishe vipande vya sauti kwa programu mpya, na yeye na padri wangebaki na watoto kambini. Nilifika Aru na kikapu mapajani. Sikukubali kiwekwe nyuma.

Wale mama wawili walikuwa kwenye veranda ya redio. Walikuwa wamekaa benchi moja, wanashiriki sahani moja ya muhogo. Nilitazamia kukuta maadui. Mama Ayikoru aliwaingiza wote wawili, nikaunganisha vipande, nikahakikisha ukubwa wa faili ni sawa na ule niliouandika Bunia, kisha nikacheza.

Naitwa Lidia. Huyu ni Baraka. Wote wawili waliinama mbele. Mama Lidia. Papa Lidia. Mmoja alishika mkono wa mwenzake. Kimya. Halafu mbuzi.

Yule mwembamba, aliyekaa karibu na mlango, alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kilio au kicheko. "Kolonel!" akasema. "Walimukula! Bale baaskari balimukula siku ya kwanza!" Akajipiga mapaja. "Makolonel yote ya hii vita iko hai, wetu peke yake ndiye alikufa!" Kisha akaanguka magoti akaweka paji la uso kwenye meza, karibu na spika, na hakuna aliyemgusa kwa muda mrefu.

Mama wa pili alikuwa ameuachia mkono wake. Aliinuka, akafunga kitenge chake upya, akakaza fundo.

"Huyu haina wangu," akasema. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta. "Mama, cheza bale bengine. Wote. Mupaka mwisho."

Nilicheza. Alisikiliza kila mtoto mpaka mwisho wake, na kila mmoja alipomaliza alisema, "Mungu amutunze huyo," na kunipa ishara niendelee. Lidia wake hakuwamo. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, kila ndeke ilipoleta disketi mpya kutoka kwa Rashidi, aliyekuwa ameazimwa kompyuta na walinda amani. Kwa ajili yake sikuruhusu faili lolote litoke mikononi mwangu kabla sijalisikia mwisho. Nilipoondoka Aru alikuwa bado anakuja. Sikuwahi kujua alimpata au hakumpata, na sijifanyi kwamba najua.

Barabara ilipopoa kidogo, mama wa Lidia alipata nafasi juu ya lori la chumvi na sabuni, nami nikapanda naye. Tulipita Fataki. Hakutaka kushuka. Alitazama upande wa kwao kwa muda, akageuza uso. Kwenye kila baryeri alisema jambo lile lile kabla hajaulizwa: "Naenda kuchukua batoto yangu," kwa namna ambayo wale wanaume walimfungulia kama anayedai kitu chake.

Rashidi alitupokea kwenye lango la kambi. Alikuwa amemwambia Lidia tangu asubuhi. Nilitegemea mtoto atakimbia, kama ninyi mlivyoona kwenye sinema. Hakukimbia. Alikuja akitembea kwa miguu mifupi, mzito, Baraka amefungwa mgongoni kwa kitambaa kilichokuwa zamani pazia. Alisimama mbele ya mama yake, akamtazama juu mpaka chini, kama anayehakikisha. Kisha akafungua fundo kifuani, akamshusha mdogo wake, akamnyoosha kwa mikono miwili.

"Kamata, mama. Nimechoka."

Mama yake alimpokea Baraka. Lidia akakaa chini pale pale, juu ya vumbi la njia ya kambi, akaegemea mguu wa mama yake, na kabla mama hajamaliza kumfunga Baraka mgongoni, alikuwa amelala.